Machungwa ya Mapumziko

Mzee Masha alipanda kivuko cha Likoni Jumamosi alasiri, amepakata kikapu cha machungwa ya wachezaji wa shule ya misheni. Tangu atoke katika shule hiyo, hakuwahi kuwaacha vijana wake wafike mapumziko bila chungwa.

"Shikamoo, mzee. Waenda kutazama timu ya kampuni yetu?" akauliza Absalom, kuli wa bandarini aliyeketi kando yake.

"Marahaba. Naenda kuishangilia shule iliyonisomesha. Hao wenu huchezea mshahara."

"Na wenu huchezea nini, zaburi?" Abiria wakacheka, hata wasiohusika. "Sisi tuna viatu, tuna bendi, uwanja hufurika. Kwenu mtazamaji ni mwalimu na mbuzi."

"Mbuzi yule huja hata tukifungwa. Ninyi je?"

Absalom akamtazama kwa huruma, jambo lililomuudhi mzee kuliko kicheko. "Kumbe hukuambiwa? Shule haina timu leo. Golikipa wao, Kombe, kampuni imempa kazi, na wenzake wamemfuata."

Kombe alikuwa mjukuu wa Masha. Asubuhi ile walipiga magoti pamoja kusali, na kijana hakuitaja kazi hiyo.

"Ameacha masomo?"

"Masomo ya nini tena, na kazi anayo? Twende nayo hayo machungwa, mzee. Wachezaji ni wale wale."

Kivuko kikagota ng'ambo. Umati ukashuka mbio kuifuata sauti ya bendi. Masha akasalia benchini, kikapu mapajani, hata baharia akamwuliza kama anarudi mjini.