Mama Rebeka Jerop na Mawe ya Mumewe

Ndugu wa kanisa, majirani, nanyi mliotoka Elburgon na Mau Narok, poleni kwa safari. Mimi ni Kimutai, mdogo wake marehemu, wa tumbo moja. Wazee wameniomba nisome wasifu wake kwa upole. Nitajaribu.

Mama Rebeka Jerop alizaliwa mwaka wa 1906 pale Kaptich, upande wa kusini wa ziwa. Mvua ilikuwa ikinyesha, ndiyo maana akaitwa Jerop. Alikuwa kifungua mimba wa baba yetu. Karani mmoja alitaka niandike kwamba alizaliwa "ndani ya hifadhi". Hifadhi gani? Wakati huo hapakuwa na hifadhi, palikuwa kwetu.

Shule hakupelekwa, kwani zamani hizo msichana alikuwa wa kuchunga mbuzi. Lakini mwaka wa 1938 aliingia darasa la ubatizo akiwa na mtoto mgongoni, na kufikia Pasaka alikuwa akisoma Marko mwenyewe, kidole juu ya mstari. Akikosea neno alilirudia kwa sauti kubwa zaidi, utadhani kosa ni la kitabu. Tulicheka naye sana.

Alichuma pareto kwenye shamba la mzungu kule Mau Narok hadi 1947, kisha akarudi nyumbani kuuza maziwa. Wasafiri walipoanza kuja na hema zao kutazama heroe, wale ndege wa miguu mirefu wanaoligeuza ziwa kuwa la waridi, ni yeye aliyewapelekea maziwa na kuni. Msidhani aliwachukia wageni, la. Siku moja memsaabu mwenye kamera alimpigia kelele: "Mama, toka! Wewe nafunika ndege!" Jerop akautua mtungi, akamjibu, "Ndege wamekuja juzi, mimi niko hapa tangu nizaliwe. Waambie wao wasogee." Kisha akampimia maziwa yake, akamwongeza kidogo.

Aliolewa mwaka wa 1926 na Kosgei arap Tuwei, na kanisa likaibariki ndoa yao mwaka wa 1939. Walijaliwa watoto watatu. Kosgei alifariki tarehe 4 Aprili 1951, tukamzika Kaptich, karibu na boma lake. Desturi yetu mnaijua: kila mwombolezaji huja na jiwe kutoka kwake, akaliweka juu ya kaburi, fisi wasifukue, na wafiwa wajue nani alikuja. Jerop aliyajua mawe yale moja moja. Hili la mama mkwe, hili la shangazi, lile jekundu la Wanyoike wa kiwanda cha mbao.

Mwaka wa 1955 tukaambiwa tuhame, ziwa sasa ni la ndege na wageni. Tukahama. Seng'enge ikazungushwa. Mbele ya baraza nzima tuliahidiwa kwamba makaburi hayataguswa na mjane atapita langoni bila taabu. Basi mwaka jana Jerop akaenda kupalilia kaburi, akakuta ardhi tupu. Kumbe vibarua waliona rundo, wakadhani ni mawe ya shamba tu, wakayabeba, wakayapanga kando ya barabara ya magari ya wageni na kuyapaka chokaa. Ati barabara ipendeze! Vibarua nawasamehe, walitumwa. Lakini bwana wa hifadhi alielezwa yote, kwa mdomo wangu huu, na hakurudisha hata moja. Alisema, "Barabara nakwisha. Mawe ni mawe." Haki ya Mungu, hasira hiyo haijanitoka mpaka leo.

Jerop akaanza kuyarudisha mwenyewe, mjane wa miaka hamsini na mmoja, akiyakumbatia kifuani. Askari wakamkamata kama mwizi kabla hajafikisha hata moja kaburini, wakamtoa nje na kumpiga marufuku. Mwizi wa nini, jamani? Juni mwaka huu alienda tena, akashinda langoni mvua ikimnyeshea, akimngoja bwana atoke amsikilize. Magari yalipita yakamrushia matope. Bwana hakutoka. Alirudi nyumbani akikohoa, kifua kikambana, na tarehe 9 Agosti 1958 akatuaga hospitalini mjini Nakuru. Daktari aliandika nimonia. Sisi tunajua aliipatia wapi.

Ombi lake la mwisho lilikuwa fupi: "Mnilaze karibu na Kosgei." Tulikwenda kuomba, mimi na mchungaji, kofia mkononi. Tukajibiwa, "Hapana. Wageni hapana kuja kuona kaburi." Ndiyo maana leo tumesimama hapa Lanet, katika kiwanja cha kanisa, na tunamzika mbali na mumewe.

Amewaacha watoto wake, Jepchumba, Cheptoo na Kiprono, wakwe, wajukuu, na mimi ndugu yake. Amemwacha pia Kosgei, aliyemtangulia, peke yake ndani ya seng'enge, bila jiwe hata moja juu yake.

Mawe mliyokuja nayo leo ni ya Jerop, yawekeni taratibu. Mchungaji akimaliza sala, wenye nguvu mikononi wasitawanyike. Barabara yenye chokaa tunaijua.

Dada yangu, pumzika kwa amani wewe uliyechoka. Sisi kutoka hapa tunaelekea langoni.