Kabichi za Watoto Mia Tisa

Wapendwa mliokuja kutufariji, kabla sijasoma wasifu wa marehemu, nitubu mbele za Mungu na mbele ya jeneza hili: mimi, Ok Seong-bae, ndiye niliyemfundisha dada yangu kumdanganya daktari.

Ok Bun-rye alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Gimje, Korea, mtoto wa kwanza wa wakulima wa mpunga, akaishia shule ya msingi ili sisi wadogo tusome, akaolewa na Pyo Man-sik mwaka 1981, wakajaliwa Mi-hyang na Dong-uk, na mwaka 1999 akaanza kuwapikia wanafunzi katika shule nilikokuwa mlinzi wa geti, kazi niliyomwombea mimi.

Novemba 2007, akiinua sufuria ya supu, bega la kulia likachanika. Mkuu wa shule hakupenda kusikia habari za ajali, nami nikaogopa kibarua changu kuota nyasi, nikamwambia, "Dada, sema umeumia ukitengeneza kimchi nyumbani, mwezi huu kila nyumba inachachua kabichi ya majira ya baridi, nani hajaumia?" Akasema hivyo, daktari akaandika hivyo, fidia ya kazini akaikosa, upasuaji na miezi minane bila mshahara vikala amana yote waliyokuwa wamemwekea mwenye nyumba waliyopanga, wakahamia chumba kimoja juu ya duka la tofu ya maharage ya soya, na hata huko alicheka, "Tunaamka na harufu nzuri, mpaka Man-sik avue soksi."

Mwaka 2014 likafuata bega la kushoto, pale pale jikoni shuleni, safari hii nikamsindikiza. Daktari yule yule akauliza, "Mama, kimchi ya nyumbani tena?" Dada akanitazama, akajibu, "Ndiyo, daktari, ila nyumbani kwangu kuna watoto mia tisa, na huyu mdogo wangu ndiye anayewafungulia geti." Daktari akacheka mpaka miwani ikamtoka, nami nikasema kweli yote, fidia ikatoka, naye akawapeleka wapishi wenzake kisiwani Jeju kwa ndege, kutembea, wote wamebandika plasta za maumivu, ndege nzima ikanuka dawa ya kuchua.

Saratani ya kongosho ilimwanza Januari 2024, Bwana akamwita tarehe 2 Juni, na hadi wiki ya mwisho alikuwa akiwagombeza wauguzi, "Wanangu, kunjeni magoti mnaponiinua!"

Tunawashukuru madaktari, majirani wa duka la tofu, na wapishi wenzake. Dada, pumzika kwa amani, wewe na mabega yako yote mawili.

Nanyi mtakaobeba jeneza, tafadhali kunjeni magoti, na mkiumia, semeni mlipoumia.