Zizi la Ndama Kwanza Haliuzwi

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu, ambaye mlimwita Ndama Kwanza, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa nne wa mkamuaji maziwa, katika nyumba iliyopakana na zizi ukuta kwa ukuta.

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1965, huku mwalimu wake akilalamika kwamba mtoto huyu hubishana hata na kengele.

Januari 1970 aliajiriwa katika shamba kubwa la maziwa, ambako ndama walitengwa na mama zao siku ya kuzaliwa, na tarehe 14 Juni 1978 aliwafungulia mlango wa banda, wakakimbilia kunyonya, naye akafukuzwa kazi kabla jua halijazama, akaondoka na mtamba mmoja mgonjwa ambaye shamba lilikuwa limeshamkatia tamaa, huyo ndiye bibi wa ng'ombe wote mnaowasikia hapo nyuma.

Zizini kwake ndama alinyonya kwanza, ndipo ndoo ikaletwa, na chama cha wafugaji kilipomwambia kwamba anamwaga faida kooni mwa ndama, alijibu kwamba faida anaitaka sana, watoto wake hawali huruma, ila ng'ombe aliyetulia hukamuliwa miaka na miaka, wakati wao wanawachinja wa kwao wangali wasichana, na kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wakamfukuza chamani, akauza maziwa mlango kwa mlango kwa baiskeli, na nyumba hii mliyoketi uani kwake imejengwa kwa maziwa hayo hayo.

Tarehe 9 Desemba 1981 alimwoa fundi cherehani, mjane aliye mbele yenu, baada ya bibi harusi kutamka wazi kwamba hatakuwa mke mdogo wa ng'ombe, wakajaliwa watoto watatu, na kifungua mimba, binti yao, ndiye anayeendesha zizi leo.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022, akafariki hospitalini tarehe 20 mwezi huu, na hata kitandani alimkatalia mdogo wake, mwenyekiti wa chama, aliyemletea ushauri wa kuliuza zizi kwa shamba lile lile kubwa. Basi mliokuja msibani mkilipima zizi kwa macho, sikieni: haliuzwi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, wakamuaji wenzake, na chama pia, kwa viti. Mliosubiri tangu asubuhi mkidhani gari la jeneza limeharibika, gari lilikuwa tayari, binti yake ndiye aliyekuwa bado zizini, ndama walikuwa wananyonya, na hatuwaombi radhi.

Pumzika kwa amani, baba yetu.