Jiwe la Mfalme na Ng'ombe Waliosingiziwa

Risala ya wafugaji na wakazi wa Withecleave, nyika ya Dartmoor, kwa Mkaguzi Mkuu wa Mawe ya Kale, Jumamosi tarehe 18 Mei, 1974

Mgeni rasmi, Bi Honor Quantick; mwenyekiti wetu, Mzee Silas Perryman; mhubiri wetu; wenzetu mlioacha kazi za mifugo mkaja, na nyinyi watoto mliopanda madirishani, shukeni.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi watu wa Withecleave tunakukaribisha kwa mikono miwili, na mikono yenyewe tumeinawa. Wageni wengi wanaotoka London huja na mvua. Wewe umekuja na jua, na jambo hilo limekwisha kusemwa katika kila nyumba.

Tunaomba radhi kwa benchi uliyokalia. Tuliipaka rangi Jumatano kwa heshima yako, na Reuben Hext aliapa kwamba ingekauka Alhamisi. Ukisimama ukakuta sketi yako ina kijani, Reuben ni yule pale mlangoni mwenye masikio mekundu. Baada ya risala kuna chai, na kuna pai ya kondoo na tufaha iliyopikwa na akina mama sita ambao hawakukubaliana hata kidogo juu ya vitunguu.

HISTORIA YETU NA MAWE YETU

Mgeni rasmi, safu yetu ya mawe unaijua kwa vipimo. Sisi tunaijua kwa mikono. Inaanzia chini kijitoni na kupanda nusu maili hadi mgongoni mwa kilima, mawe mia moja na kumi na mawili. Mengi hayapiti goti. Aliyeyasimamisha hatumjui, na wasomi waliokuja hapa, kila mmoja na kofia yake, hawakutuambia jambo ambalo yule aliyemfuata hakulikanusha.

Ukungu wa kwetu haushuki kutoka juu. Unainuka miguuni kama maziwa yanayochemka, na kabla hujafunga kitambaa kichwani huoni mkono wako. Hapo mtu aliye kilimani hutafuta jiwe la juu kabisa, lile refu tunaloliita Mfalme. Akishalipapasa, basi amefika kwao. Hushuka jiwe kwa jiwe, mkono wa kulia ukigusa, maana kushoto kwa safu ardhi ni ngumu na kulia ni tope lisilorudisha kitu. Kila jiwe lina jina. Yupo Mama Mkwe, aliyesimama upande upande akikutazama. Yupo Kasisi Mlevi. Wapo Mapacha, ambao ni watatu, na usituulize kwa nini. Mtoto wa hapa hafundishwi herufi kabla hajaweza kushuka safu akiwa amefumba macho na kuyataja yote. Kila vuli, siku ya kukusanya kondoo, watoto hupimwa kwa zoezi hilo, na mzazi ambaye mtoto wake amemruka Kasisi Mlevi huchekwa mpaka Krismasi.

MAFANIKIO

Tangu vuli ya mwaka 1921 hakuna mtu wa Withecleave aliyepotea ukunguni. Tunapochoma majani makavu mwezi wa Machi, kwanza tunafyeka duara kuzunguka kila jiwe ili moto usililambe. Kazi hiyo huchukua siku tatu, na hakuna ofisi iliyotuagiza kuifanya.

Mwaka juzi alikuja bwana mmoja na gari jipya, akang'oa jiwe mojawapo la Mapacha na kulitia nyuma ya gari. Mke wa Reuben, Bi Dorcas, alimkuta.

"Bwana, unalipeleka wapi?"

"Bustanini kwangu. Mna mengi hapa."

"Na wewe una meno mengi," akasema Bi Dorcas, akapanda juu ya boneti, akaketi na kutoa sufu yake akaanza kufuma. Alifuma mpaka soksi ikafika kisiginoni. Bwana yule alirudisha jiwe kwa mikono yake mwenyewe, na Bi Dorcas akamsahihisha mara mbili kuhusu upande wa kutazama.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, sasa tunafika mahali ambapo msomaji wa risala hii anaomba maji ya kunywa.

Mwezi Januari, Mfalme alianguka. Mwezi Machi ikaja barua kutoka ofisi yako. Ilisema kwamba jiwe hilo, "lililosimikwa na watu wa kale kwa ustadi usio na mfano", limeangushwa na ng'ombe wanaojikuna. Kwa hiyo safu yote itazungushiwa seng'enge, pamoja na mteremko wote hadi kijitoni, na geti moja lenye kufuli.

Mteremko huo ni malisho ya kondoo wa Loveday Nosworthy. Loveday ni mjukuu wangu mimi ninayesoma. Ana miaka ishirini na miwili, na alichukua kundi mwaka jana baada ya mgongo wa baba yake kukataa kazi. Ana kondoo majike themanini na wanne. Kondoo wa nyika hafungwi wala hachungwi kwa fimbo. Hubaki mahali pake kwa sababu mama yake alimzaa hapo na kumwonyesha upepo unatoka wapi na maji yako wapi, na huyo mama alionyeshwa na mama yake. Ukimhamisha hajui kwingine. Kijimsitu cha upande wa mashariki kilipozungushiwa seng'enge, tuliona kondoo wa Perryman wamesimama kwenye seng'enge siku kumi na moja, nyasi nzuri ziko nyuma yao, wakitazama kwao mpaka wakaanguka. Kwa hiyo Loveday akiwekewa seng'enge, atauza kundi lote, na kundi hilo halinunuliki tena kwa sababu halitengenezwi sokoni.

Barua iliposomwa tulikutana humu humu ndani. Mzee Silas akasema tuandike kwamba ng'ombe wetu wana adabu.

"Ng'ombe wako ana adabu?" Reuben akamwuliza. "Yule aliyekula surupwenye yangu kambani?"

"Alikula mguu mmoja tu."

"Mzee wangu, nitavaaje mguu mmoja?"

Watu wakacheka. Lakini sisi tuliozidi miaka sitini tulikuwa tukitazama viatu vyetu. Tulijua kwamba ng'ombe wamesingiziwa.

Mgeni rasmi, ukweli ni huu.

Mwaka 1921 mzee Ezra Nosworthy alikuwa anamwoza mwanawe wa pekee. Uani kwake palikuwa na geti lililofungwa kwa kamba, na nguzo zake mbili zilikuwa za mti uliooza. Akaona haya kwamba bibi harusi aingie kwenye ndoa kwa kuruka kamba. Nguzo moja alichonga kwa jiwe la shambani. Ya pili hakuipata ya kulingana nayo kwa urefu, wiki ilikuwa imekwisha, basi akapanda kilimani na farasi wawili na minyororo, akamshusha Mfalme. Akamtoboa matundu mawili, akatia bawaba za chuma kwa risasi iliyoyeyushwa. Geti likafunguka kwa kidole kimoja.

Bibi harusi nilikuwa mimi. Nilipita hapo na gauni la dada yangu, nikasema, "Baba, geti zuri!" Naye akakohoa, akaenda kuangalia farasi.

Wiki tano baadaye baba yake Reuben, marehemu Amos Hext, alikamatwa na ukungu juu kilimani. Akatembea akinyoosha mikono kumtafuta Mfalme. Akapapasa hewa. Alipita pembeni mwa safu yote asijue, akaingia topeni kulia, akafika kwake wakati wa uji akiwa na kiatu kimoja na matusi aliyoyasema mbele ya watoto. Ndipo wanaume wakakutana, wakamkemea Ezra, na Jumamosi hiyo wakakokota jiwe lingine refu kutoka kijitoni wakalisimika mahali pa Mfalme, ili mtu wa ukunguni apate pa kushika. Kulikuwa kunakaribia giza, na kesho yake ni siku ya ibada. Hawakulikazia kwa mawe, walilikazia kwa majani na udongo, wakasema, "Tutarudi wiki ijayo tumalize." Wiki hiyo haijafika mpaka leo.

Mwaka 1936 akaja msomi mwenye kofia ya majani. Alizunguka jiwe letu la kijitoni mara nne, akalikumbatia, akaweka shavu. Silas alikuwepo, akataka kumwambia. Lakini Silas anasema, na nanukuu: "Mtu alikuwa na machozi, jamani. Mngefanya nini? Nilimpa chai." Msomi akaenda kuandika ule ustadi usio na mfano. Tangu hapo kila mwaka kusema ukweli kulikuwa kugumu kuliko mwaka uliotangulia. Hatukukusudia kudanganya ofisi. Tulikusudia kumwepusha Amos na tope, na baada ya hapo tuliona haya.

Kwa hiyo Januari halikuanguka jiwe la watu wa kale. Lilianguka jiwe la watu wa Jumamosi, kwa sababu majani yalioza. Mawe mengine mia moja na kumi na moja, ng'ombe wamejikuna nayo tangu yalipowekwa, na yamesimama.

Katika kikao hicho nilisimama nikasema tuseme yote. Silas akasema, "Thirza, watatufunga."

"Wewe? Jela gani itavumilia kikohozi chako?"

"Na geti lako je?"

"Geti ni mbao. Ninazungumzia nguzo."

Loveday alikuwa amekaa nyuma, karibu na jiko. Akasema, "Bibi, usiing'oe kwa ajili yangu. Babu alikuwa akiegemea pale kila jioni. Mimi nitatafuta kazi mjini, nina mikono."

Nikamwambia, "Babu yako aliegemea pale miaka arobaini akijua ameegemea nini, na kila jioni aliniambia, 'Thirza, siku moja tutamrudisha.' Sasa kaa chini mama, usinifanye nilie mbele ya Reuben, atasimulia." Wakapiga kura. Mikono yote ilinyooshwa, wa Silas mwisho, na alisema ananyoosha kwa sababu ya kujinyoosha tu.

MAOMBI

Mgeni rasmi, maombi yetu si mengi.

Tunaomba ng'ombe wasafishwe jina katika maandishi ya ofisi yako. Si wasomaji, lakini sisi tunasoma.

Tunaomba seng'enge isijengwe. Ukiona ni lazima pawe na ulinzi, tupe sisi kazi hiyo kwa maandishi, na utuletee mtu wako kila vuli aje ahesabu pamoja na watoto. Tutampa buti. Zaidi ya kondoo, tunakukumbusha kwamba mtu aliye ukunguni hawezi kupapasa jiwe lililo ndani ya kufuli.

Na kama kuna adhabu, isigawanywe. Ezra amelala makaburini, Amos pia, na wale wengine saba waliokokota. Aliyepita katika geti hilo miaka hamsini na mitatu, asubuhi na jioni, akiwa na ndoo, akiwa na watoto mgongoni, ni mimi. Niandikeni mimi.

Jambo la mwisho si ombi, ni taarifa. Jumanne asubuhi tulimchimbua Mfalme. Tulikuwa watu kumi na mmoja, mitaimbo minne na matrekta mawili, na Loveday ndiye aliyeendesha lile la mbele, polepole kama anayebeba mayai. Bawaba tumezitoa. Matundu hatukuyaziba; tumeona tusianze udanganyifu mwingine. Sasa hivi yuko nje ya mlango huu, juu ya tela la Reuben, amelazwa juu ya magunia ya sufu. Shimo lake la zamani tumelisafisha, na mawe ya kumkazia tumeyarundika kando. Kesho ni siku ya ibada, kwa hiyo tutamsimamisha Jumatatu, mtu wako akituonyesha alikotazama, na safari hii tutamaliza siku ile ile.

Tumemtoa kabla hatujasikia jibu lako, kwa makusudi. Hatutaki udhani tunabadilishana jiwe na malisho. Ukisema ndiyo, Mfalme anarudi. Ukisema hapana, Mfalme anarudi vile vile.

Ila ukisema hapana, tutakuomba baada ya chai upande nasi mteremkoni. Wako pale wote themanini na wanne, na wana-kondoo wa mwezi huu wanaojifunza upepo. Uwaambie wewe mwenyewe, mama. Sisi hatutajua pa kuanzia.

Mungu akupe miguu mikavu, macho ya kuona mbali na usingizi mzuri popote ulalapo. Awape heri walio nyumbani kwako, nasi atujalie kukuona tena ukija bila barua.

Ni sisi wako,
Wafugaji na Wakazi wa Withecleave.
Imeandikwa na kusomwa kwa niaba yao na Thirza Nosworthy.