Tofali Langu Lilibomoka Mnadani, Mungu Akanisimamisha

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa! Na wewe unayesoma peke yako nyumbani, itika kwa sauti, hakuna wa kukucheka!

Mimi ni Baba Elibariki wa Maisaka, fundi tofali. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini leo ukipita Babati mjini ukaona uwanja umepangwa pevingi, yale matofali ya kutandika chini, ukapendeza, uliza ni kazi ya nani. Watanitaja mimi. Sijisifu, ndugu zangu. Haya, najisifu kidogo, ila namsifu Mungu zaidi!

Zamani nilikuwa nafyatua tofali za kawaida. Mikono nilikuwa nayo, na mdomo pia. Mteja akisema, "Fundi, hizi zimwagilie maji zaidi," namjibu, "Basi fyatua mwenyewe." Mke wangu akianza kunishauri, naongeza sauti ya redio. Hakuna mtu aliyeweza kuniambia kitu nikasikia. Hicho ndicho kifungo nilichokuwa nacho. Wengine wamefunguliwa kwenye pombe. Mimi nimefunguliwa kwenye ujuaji!

Sasa sikilizeni. Mvua zikinyesha, mitaro ya huku kwetu inaziba kwa chupa za plastiki, maji yanaingia mpaka jikoni kwa watu. Nikasikia kwamba kuna mafundi wanazisaga chupa hizo vipande vidogo kama punje za mchele, wanachanganya kwenye zege badala ya sehemu ya mchanga, wanapata pevingi. Nikasema, kama wao wameweza, mimi ninayewazidi nitashindwaje?

Mashine ya kusaga sikuwa nayo. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mke wangu alipewa na baba yake kule Dareda. Nikamwomba tumuuze. Mama Elibariki akanitazama, akasema, "Watoto wanakunywa maziwa ya huyu ng'ombe. Hizo chupa zako zitakamuliwa?"

Nikamwambia, "Wewe subiri uone mume uliyempata."

Akakubali, ndugu zangu. Ng'ombe akaondoka. Siku hiyo binti yetu mdogo alikunywa chai ya rangi akanuna, nami nikajifanya sijaona. Hiyo kazi ingeshindwa, ningekuwa nimewanyima wanangu maziwa kwa ajili ya takataka.

Chupa sikuzitafuta kwa shida. Nilikwenda nyuma ya mashine za kukamua alizeti, zimelala malundo. Nikazisuuza kwa maji ya baridi, haraka haraka, nikasaga, nikachanganya na simenti, mchanga na kokoto. Vipande vya chupa niliweka vingi, maana havikuwa na bei! Pevingi zilipotoka kwenye kalibu zilikuwa na sura nzuri sana. Nikaona hakuna haja ya kuzimwagilia wiki nzima.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Wenzangu wanaleta mahindi, maharage, majogoo. Mimi nikasema, malimbuko ya mkulima ni mahindi, malimbuko ya fundi ni tofali! Nikabeba pevingi moja begani, nimevaa koti, nikaiweka mbele ya madhabahu. Tena nikatangaza kwamba nitapanga njia yote kutoka barabarani mpaka mlango wa kanisa kabla ya masika, wazee wasiendelee kuteleza kwenye tope.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Mzee anayeuza akainyanyua juu kwa mikono miwili. "Haya, tofali la Baba Elibariki! La kisasa! Nani anaanza?"

Kabla mtu hajaanza, kona moja ikadondoka. Akaishika vizuri, ikakatika katikati. Nusu moja ikamwagika kwenye viatu vyake.

Akauliza, "Jamani, hapa nauza tofali au nauza unga?"

Kijana mmoja wa kwaya akajibu, "Pima kilo mbili, mzee!"

Kanisa zima likacheka. Hata mchungaji aligeuka pembeni mabega yakitikisika. Nilitamani ardhi inimeze. Mke wangu peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi nilijua anamwaza ng'ombe.

Ndipo mama mmoja akasema, "Nanunua mimi." Ni Mama Paulina, anauza mafuta ya alizeti pale njia ya kwenda Bonga, anayajaza kwenye chupa. Watu wakazidi kucheka. Yeye akachukua kipande, akakinusa, akanifuata.

"Baba Elibariki, hizi chupa uliziosha?"

"Niliziosha."

"Kwa maji ya moto na sabuni?"

"Mama, mimi ni fundi."

"Nami naosha chupa kila siku, shemeji. Hii bado inanuka alizeti. Simenti yako itashika wapi kwenye mafuta?"

Nikaondoka bila kumuaga. Nifundishwe zege na muuza mafuta! Wiki nzima nilikasirika. Lakini Roho wa Mungu hakuniacha. Kila nikipiga magoti kumwomba Mungu anioneshe kosa langu, nasikia sauti ya Mama Paulina: maji ya moto na sabuni. Nikahamisha maombi, nikaomba kitu kingine, bado sabuni! Mwisho nikalia. Nikasema, Bwana, kumbe umeshajibu, mimi ndiye sitaki jibu lije na huyu mama.

Nikainuka nikaenda kwake. Nikasema, "Shikamoo mwalimu." Ni mdogo kwangu kwa umri, akacheka mpaka akaweka chini faneli ya kujazia mafuta. Akanifundisha.

Haleluya! Nikaosha kwa maji ya moto, nikasuuza, nikaanika zikauka kabisa. Vipande nikapunguza sana, mchanga nikaurudisha. Nikamwagilia maji asubuhi na jioni kwa wiki nne, na mke wangu ndiye aliyesimamia. Wazee wa kanisa hawakuniamini, na walikuwa na haki. Wakasema, "Panga kipande cha getini tu, trekta la mahindi lipite juu kwanza." Trekta likaja limeshiba magunia. Mimi nilifumba macho. Mke wangu ndiye aliyepiga kigelegele, nikajua limepita!

Masika yalinikuta nimemaliza njia yote. Leo natengeneza pevingi za nyua na njia za Maisaka, Bonga mpaka Nakwa. Nguzo na msingi wa nyumba siziwekei chupa, hapo sifanyi mzaha. Mama Paulina na wenzake wanaosha chupa, tunagawana kazi na riziki. Nyumbani kuna ng'ombe tena, mtamba, na aliyempa jina ni mke wangu mwenyewe: Sabuni!

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, namshukuru Mama Paulina. Na wewe ndugu yangu unayeomba kila siku ukidhani mbingu zimekaa kimya, mwamini Mungu, hajakusahau. Huenda jibu lako linauza kitu kando ya barabara, nawe unapita hulisalimii. Rudi leo. Salimia. Sikiliza. Mungu aliyenifungua mimi, mbishi kuliko wote Babati hii, wewe atakushindwaje? Amina!