Hema Langu Lisishuke Korongoni

Norjmaa, na wewe Davaajav kitindamimba wangu, popote mlipo acheni mnachofanya mkae chini, maana anayezungumza humu ndani ya simu ni mama yenu, na huenda sauti hii ikawafikia mimi nikiwa sipo tena.

Simu ni ya Baldan. Ndiyo, Baldan yuleyule niliyeacha kumsalimia tangu farasi wake dume alipovunja zizi letu. Bonde zima limehama, tumebaki sisi wawili tuliochukiana, na sasa ndiye anayeniletea samadi kavu ya kuwashia moto na kunichemshia chai. Hata mbwa wameacha kubweka kwa kukosa wa kumbwekea. Hivi sasa amekaa mlangoni, ananiambia, "Dada Yanjmaa, sema upesi, betri yangu nayo iko mahututi kama wewe." Mwacheni acheke. Nikimaliza atapanda kilimani kwenye mtandao, theluji ikimfika kiunoni, awatumie maneno haya. Kwa hiyo farasi wangu mwekundu ni wake, na mtu asimdai.

Mifugo mnayoikumbuka haipo. Kiangazi hakikuleta mvua wala nyasi, halafu katikati ya kipupwe ikanyesha mvua, mvua jamani, katika majira ambayo zamani hata mate yaliganda kabla hayajafika chini, na kulipopoa nyika yote ikafunikwa na barafu ngumu kama kioo. Kondoo waliziona nyasi chini ya barafu wasiweze kuzifikia. Walikufa wamesimama, kwato zikivuja damu kwa kukwangua. Zudi tuliijua tangu zamani, baridi hii inayomaliza mifugo, lakini ilikuwa ikimjia mtu mara moja katika ujana wake na mara nyingine akiwa na wajukuu. Siku hizi inarudi kabla hatujamaliza kuzoa mizoga. Mbuzi wachache waliopona ni wa Norjmaa, pamoja na bakuli la fedha la baba yenu.

Davaajav, sikukulaumu ulipopoteza kundi lako ukafungasha ukaenda mjini. Ningefanya nini, nikuzuie ili ukae uhesabu mifupa pamoja nami? Lakini nilipokuja kukutembelea kiangazi kilichopita, mkeo alinipikia supu ya kondoo na tambi, nikashiba, nikajinyoosha, nikahisi mawe mgongoni. Nikainua zulia nikakuta kokoto za mviringo, laini kama mayai. Nikatoka nje nikaona nyasi kavu zimenasa kwenye ua wa mbao wa jirani yako, juu, usawa wa kifua changu. Mwanangu, ulikuwa umesimamisha hema kwenye njia ya maji! Wewe, uliyechapwa na baba yako kwa kuchezea korongoni mawingu yakiwa mlimani!

Ulinijibu nini? "Mama, korongo hili ni kavu. Na huko juu lori la maji halipandi." Nikamwonyesha yule jirani yako muuza makaa zile nyasi, akasema upepo ndio uliozileta. "Bibi, mvua za kwenu ziache hukohuko kwenu, hapa sisi tunaomba hata ya kulowesha vumbi." Mkacheka, nami nikacheka kwa sababu nilikuwa mgeni.

Siku ya kuondoka kwangu mvua ilishuka wakati tunakunywa chai. Maji yalikuja ya kahawia, yamebeba choo cha jirani na mbwa aliyekuwa bado kwenye mnyororo wake. Ulinibeba mgongoni mpaka mteremkoni, mkeo na mtoto wakitangulia. Maji yalipopungua ukafagia tope, ukalirudisha hema palepale. Palepale, Davaajav! Ukaniambia, "Yameshapita, mama." Kana kwamba yalikuja kuaga.

Nimelala hapa nikilifikiria jambo hili bila mtu wa kumwambia. Anga limetufukuza nyikani kwa barafu, nasi tumekwenda kujipanga mahali litakapotukuta kwa maji. Mvua iliyokuwa ikigawanywa kiangazi kizima sasa inamwagwa kwa mkupuo mmoja, na kila aliyefilisika huku anakwenda kulala huko chini, kwa kuwa ndiko kulikobaki wazi.

Sasa basi. Kwa desturi yetu moto wa nyumbani ni wa kitindamimba, yaani hema, jiko, na lile duara la paani moshi unapopitia. Tangu ulipokuwa unatambaa nimekuambia jiko hili ni lako. Leo nasema, Baldan akinisikia, hema hili lisishuke korongoni. Norjmaa, njoo ulichukue, ulikunje, uliweke pakavu, hata nduguyo akija analia, hata ukoo ukisema nimemnyima mtoto haki yake. Siku atakapokuonyesha kiwanja mteremkoni, hata kama itambidi kupandisha maji kwa madumu mgongoni, mpe vyote siku hiyohiyo, usibakize hata kamba. Davaajav, hii si adhabu. Sitaki moto wa babu zako uzimwe na tope wewe na mtoto mkiwa mmelala kando yake.

Baldan, nipe chai... hapana, basi. Nishikie tu bakuli.

Nizikeni mlimani upande wa jua, Baldan anapajua. Msije kwa haraka. Barabara imefungwa, theluji haijaacha kushuka. Silalamiki. Nilikuwa nikitega sikio kila siku nisikie gari, sasa nimeacha.

Jambo moja limebaki. Davaajav, ulipoondoka nilikunusa shavu la kulia, kama mama anavyomnusa mtoto anayesafiri, nikaliacha la kushoto mpaka utakaporudi. Kule mjini sikulinusa, maana ni mimi niliyekuja, hukuwa umerudi. Nimelitunza shavu hilo... nimelitunza muda mrefu. Norjmaa, nakuachia wewe. Usimnuse siku ya kilio, atakulainisha kwa machozi. Subiri hema lisimame huko juu, uone moshi unatoka. Hapo umnuse la kushoto, umwambie mama amefika.

Baldan, bado inarekodi? Warushie maziwa hewani, upande wao. Kidogo... ndiyo, hivyo. Njia zenu ziwe nyeupe kama maziwa haya, wanangu. Msiniwazie sana. Lalani juu. Davaajav... juu.