Mama Mlonge na Samaki wa Bwawa la Tatu

Ndugu waombolezaji, familia imemkabidhi mdogo wake marehemu, kitindamimba wa nyumba yetu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mshona viatu na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, na mwaka 1982 akatunukiwa stashahada ya ufugaji wa samaki, fani ambayo shangazi zake waliicheka mpaka wakashika mbavu, wakisema samaki hafugwi nyumbani kama kuku, huvuliwa.

Januari 1983 aliajiriwa katika kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki, na tarehe 6 Septemba 1986 akafunga ndoa na fundi pampu wa kituo hichohicho, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja muuguzi, mwingine mwalimu, waliokua wakijua kwamba kinu cha nyumbani kwao kilikuwa cha chakula cha samaki kwanza, cha binadamu baadaye.

Kila msimu wa baridi perege wa kituo waliota madoa mekundu wakafa kwa mamia, na wakubwa walijua dawa ya kopo tu. Yeye alishikilia kwamba kinga ni bora kuliko tiba, akakausha majani ya mlonge kivulini, akayatwanga na vitunguu saumu, akayachanganya na pumba, wenzake wakambandika jina la Mama Mlonge, naye akalipokea kwa kicheko.

Mwaka 2009 alipewa nafasi ya kuthibitisha, mabwawa mawili yapate mchanganyiko wake, la tatu lipewe chakula kitupu, ili tofauti ionekane. Mlishaji wa bwawa la tatu aliwaonea huruma samaki wake kwa kunyimwa, akawa anawatilia konzi moja ya mlonge kila asubuhi. Ugonjwa ulipoingia mwezi Juni, mabwawa yote matatu yalisalimika, na wakaguzi wakaandika kwamba majani yale hayakuonyesha faida yoyote. Masikini, kazi ya miaka yote hiyo ikaangushwa na huruma!

Marehemu alikuta unga wa kijani kwenye ndoo ya bwawa la tatu, akamwita mlishaji stoo, akamwambia, "Umeniponza, lakini una watoto wadogo, kazi hutaipoteza." Kisha akaandika barua kwa wakubwa kwamba aliyekosea ni yeye mwenyewe, akashushwa cheo, akawekwa kwenye mizani ya kupimia pumba, na kwa miaka sita akatajwa vikaoni kuwa mfano wa uzembe.

Mwaka 2015 aliruhusiwa kurudia, na bwawa la tatu akamkabidhi mlishaji yuleyule. Safari hii mlishaji alilia, lakini hakutia kitu. Katika kila samaki mia, katika bwawa lake walikufa arobaini na mmoja, katika yale mengine tisa, na mchanganyiko huo unatumika kituoni hadi leo.

Alistaafu mwaka 2021, akaanza kuugua ini Februari 2023, na tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, akafariki mikononi mwa binti yake muuguzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliovumilia harufu ya saumu miaka yote hiyo, na wafanyakazi wenzake waliombeba leo.

Wakubwa wa kituo, barua ile ya mwaka 2009 bado imo kwenye faili lake, tunaomba itolewe, kwa sababu si kweli. Mlishaji wa bwawa la tatu ni mimi ninayewasomea.

Dada, jina lako ni safi, sasa pumzika kwa amani.